Chungwa Huchungwa na Nani?

Leo nawaletea jambo dogo sana, hata nilisitasita kuliandika. Ni habari ya watoto, matunda na upuuzi. Lakini jambo hili limenisumbua moyoni kwa miezi mingi, na nadhani baadhi yenu, ninyi mlio wazazi na walimu, limewasumbua pia.

Karibu na Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, uko mwembe mkubwa ambao watu wa shirika letu hukutana chini yake. Hapo ndipo ninapowafundisha watoto katekismu kila Jumamosi. Wakati wa maembe, kufundisha mahali pale ni kazi ngumu. Mtoto hukusikiliza kwa sikio moja tu. La pili linangoja embe lianguke.

Siku moja nilichelewa kufika. Nikawakuta wameanza bila mimi, lakini hawakuanza katekismu. Mmoja alikuwa amekata ganda la chungwa, akalichanja mfano wa meno, akalitia mdomoni mbele ya meno yake, akawa anatembea akiwatisha wadogo. Wa pili alikuwa amekata bua la jani la mpapai, lile lililo wazi ndani, naye anapiga tarumbeta. Wa tatu amefyonza embe mpaka limebaki koko jeupe lenye nyuzi pande zote, amelishika chini ya kidevu: tazameni ndevu! Mwajua kwamba watoto wengi wa Kongo humwita babu “koko”. Basi huyu alikuwa koko mwenye koko, anakohoa kizee, anaomba apewe kiti. Na msichana mmoja mdogo, ambaye hajatimiza miaka tisa, alikuwa amesimama juu ya mzizi kama mwalimu, akiuliza: “Mbuzi huchungwa na mtoto. Ng’ombe huchungwa na mchungaji. Je, chungwa huchungwa na nani?”

Wote wakaanguka chini kwa kicheko. Akauliza tena maneno yale yale, wakaanguka tena. Jibu hawakuwa nalo, wala hawakulitaka.

Ndipo akapita mzee mmoja, jirani yetu, na fimbo yake. Akasimama. Akapaza sauti: “Nyamazeni! Mnacheka nini? Hamna akili?” Watoto wakanyamaza pale pale; ganda la chungwa likaanguka mdomoni mwa yule wa kwanza. Kisha mzee akanigeukia mimi: “Na wewe Mwalimu, ndiyo dini unayowafundisha hiyo?” Akaenda zake.

Nikabaki nimesimama. Mzee huyu ninamheshimu, hasemi ovyo. Tena sikuweza kusema kwamba amekosa kabisa. Miaka ya 2018 na 2019 watu wenye silaha walipigana hapa Salamabila na kandokando yake. Watu wakakimbilia porini, wakaacha nyumba na mashamba. Katika wale watoto waliokuwa wakicheka, wako waliobebwa mgongoni wakati wa kukimbia. Na siku nyingine huwaoni shuleni wala chini ya mwembe. Wako mtoni wanaosha mchanga wa dhahabu, maana nchi yetu ina dhahabu, nayo dhahabu haijawapa viatu. Je, watu walio katika taabu namna hii wana ruhusa ya kucheka upuuzi? Na mzaha usio na maana yo yote, usiofundisha neno wala kumnyoosha mtu, je, ni kosa? Watu wengine hujibu upesi, “La, si kitu, ni watoto tu.” Mimi sipendi jibu hilo. Huyo anayesema “ni watoto tu” hajafikiri juu ya watoto, wala juu ya kicheko.

Tuanze na matunda yenyewe, kwa maana hapo pana ajabu. Embe, ambalo twaliona kuwa letu tangu Adamu, asili yake ni Bara Hindi. Ndizi zilitoka Asia ya kusini-mashariki, zamani mno. Chungwa ni la upande wa Uchina. Nanasi, papai, pera na avoka vilivuka bahari kutoka Amerika baada ya mwaka 1492, na Wareno ndio waliovieneza zaidi. Wote ni wageni! Walifika kwetu kwa chombo na kwa miguu ya wapagazi, wakapewa kiwanja, wakaota, na leo twadhani ni wenyeji.

Wazee wa Maniema waijua njia mojawapo. Misafara ya watu wa pwani ilivuka ziwa Tanganika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo, mji wa Tippu Tip. Askari wa Dola Huru ya Kongo walipouteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893, alikuwapo pamoja nao daktari Mwingereza jina lake Sidney Hinde. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1897 alieleza jinsi alivyostaajabia bustani za mji ule: machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi kila upande. Mji ule wa zamani leo umebaki magofu, na mahali pake paitwa Tongoni. Lakini tusisahau ni nani waliolima bustani zile. Walilima watumwa. Utamu ule ulikuwa na bei, na aliyekula siye aliyeilipa. Neno hili la bei liwekeni akilini, nitalirudia.

Kwa nini watoto huchezea matunda kuliko vitu vingine? Nadhani ni kwa sababu tunda lina umbo la mtu, nalo halina cheo. Papai lina kichwa na tumbo, embe lina ndevu, chungwa lina ngozi, nanasi lina taji kama mfalme. Ukichezea sufuria, mama atakupiga. Ukichezea kalamu, mwalimu atakufukuza. Lakini ganda la chungwa limekwisha kazi yake, hakuna anayelidai. Mtoto maskini kabisa wa Salamabila, asiye na mpira wala gari la bati, hulipata bure. Na kwa kitu hicho cha bure hupata mali nyingine ya bure, yaani kicheko cha wenzake.

Nisimulie habari ya papai. Nilipokuwa mtoto, katekista aliyetufundisha alikuwa mtu mkali. Fimbo yake ilijulikana vijiji vinne. Siku moja aliuliza: “Nani mwandamizi wa Mtume Petro hapa duniani?” Akamwonyesha kijana mmoja aliyekuwa akitazama nje ya dirisha. Nje kulikuwa na mpapai, na juu yake papai moja lilikuwa limeanza kupiga manjano. Kijana akaruka, akajibu kwa sauti kuu: “Papai!”

Alitaka kusema Papa, kama tunavyomwita Baba Mtakatifu. Lakini macho yalikuwa yamekwisha uvuta ulimi. Sisi tukajiziba midomo, tukangoja fimbo. Katekista alikaa kimya. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mwisho akasema taratibu: “Mwanangu, karibu umepata. Ondoa herufi ya mwisho, uipeleke kwenye mti wake.” Akatoka nje. Tukamsikia nyuma ya nyumba akicheka peke yake, mtu ambaye hatukujua kwamba ana meno.

Habari ilienea. Mkristu mmoja, mtu wa bidii sana, alinung’unika kwamba kijana yule alistahili adhabu, kwani amemgeuza Baba Mtakatifu kuwa tunda. Akaleta na neno la Mtume Paulo kwa Waefeso, sura ya 5, pale anapokataza maneno ya upuuzi na ubishi yasiyowafaa watakatifu. Neno hilo ni la kweli, na anayelikwepa ajidanganya. Lakini lisomwe lote. Paulo aliweka upuuzi huo bega kwa bega na uchafu na aibu. Alikuwa akisema juu ya watu wazima wanaochafua midomo yao na kuyadharau mema. Kijana wetu hakumdharau mtu. Ulimi wake uliteleza juu ya ganda la neno, kama vile mguu unavyoteleza juu ya ganda la ndizi. Baba Mtakatifu hakupungukiwa kitu siku ile. Na mimi, kusema kweli, katika majibu yote ya katekismu niliyoyakariri utotoni, hilo ndilo ambalo halijanitoka hata siku moja.

Hata hivyo, mtu aweza kuniambia: kumbukumbu zako si hoja. Vema. Basi twende kwa mwalimu mkubwa zaidi.

Mt. Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa mnene, mkimya, mwenye vitabu. Lakini katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, akiwa kati ya mambo mazito, alisimama akauliza: je, yaweza kuwapo fadhila katika mchezo? Akajibu ndiyo. Alieleza kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko la roho ni furaha ya mchezo na maneno ya kuchekesha. Akatoa mfano wa Mt. Yohane Mwinjili, uliopokewa tangu watawa wa kale. Watu walimkuta Yohane akicheza na wanafunzi wake, wakachukizwa. Mmoja wao alikuwa na upinde. Yohane akamwambia apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Halafu akamwuliza kama aweza kufanya hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde utavunjika. Yohane akasema kuwa ndivyo roho ya mtu nayo ingevunjika kama isingelegezwa kamwe.

Tena Tomaso aliendelea mpaka mahali ambapo wengi wetu hatukumtazamia. Aliuliza kama kukosa mchezo kabisa ni kosa. Alisema kwamba mtu asiyechekesha kamwe, tena anayezuia furaha ya wengine, ni mzigo kwa wenzake, na jambo hilo ni kinyume cha akili. Alikiri kuwa kuzidisha mchezo ni vibaya kuliko kuupunguza, kama vile chumvi nyingi katika chakula ni mbaya kuliko chumvi kidogo. (Mfano wa chumvi uko kwa Tomaso mwenyewe, mimi nimeugeuza kidogo tu.) Lakini asiye na chumvi kabisa asijisifu kwamba ni mpishi mtakatifu.

Wala haikuwa kwa maneno tu. Mt. Filipo Neri, aliyefanya kazi Roma na kufa huko mwaka 1595, alinyoa nusu ya ndevu zake akatembea hivyo mbele za watu, ili wasimwone mtakatifu sana. Nikimfikiria yeye namwona yule mtoto mwenye koko la embe kidevuni. Mmoja aliziondoa ndevu zake, mwingine alijiongezea, na wote wawili walichekwa kwa hiari yao wenyewe. Shikeni neno hilo, kwa hiari yao wenyewe.

Kwa maana sasa nafika upande mchungu wa tunda.

Mt. Agostino alikuwa Mwafrika kama sisi, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, ulioko leo katika nchi ya Aljeria. Katika kitabu cha Maungamo asimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, yeye na vijana wenzake walikwenda usiku kuiba matunda ya jirani. Matunda yale kwetu hayaoti. Ni ya namna ya pera, nyembamba juu na nene chini. Tena wataalamu wa lugha husema kwamba neno letu “pera” limetoka kwa Wareno, nao huita kwa neno hilo tunda lile lile alilolihiba Agostino. Mtu mmoja wa kwetu aliposikia habari hiyo alisema, “Kumbe Agostino aliiba mapera! Basi hata mimi naweza kuwa mtakatifu.”

Lakini soma zaidi. Agostino nyumbani alikuwa na matunda mazuri kuliko yale. Hakuwa na njaa. Waliyatupa mengi kwa nguruwe. Aliiba kwa nini? Anasema walicheka, mioyo yao ilitekenywa kwa kumdanganya mwenye mti asiyekuwa na habari. Na asema wazi kwamba peke yake asingefanya. Mtu akiwa peke yake hacheki kwa urahisi. Akiwa katika kundi, kicheko humwondolea haya, naye hufanya lile ambalo moyo wake ungelikataa. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, Agostino bado aliwaza juu ya kicheko kile cha usiku mmoja.

Hapo ndipo mtu wa “ni watoto tu” hushindwa. Kicheko cha watoto chini ya mti chaweza kuwa pumziko la roho, na chaweza kuwa mwizi. Kwa nje vinafanana kabisa.

Mimi najua, maana nilikuwa mwizi. Nisikilizeni.

Palikuwa na mvulana aliyefika kwetu na shangazi yake kutoka kijiji kingine. Alikuwa ameugua mpox, ugonjwa ambao mtu wa kwanza duniani kutambuliwa nao alikuwa mtoto mchanga wa Kongo hii yetu, mwaka 1970. Mvulana alipona kwa neema ya Mungu, lakini uso na mikono vilibaki na alama duara, nyingi, zilizokaribiana. Siku ya kwanza alipoketi chini ya mwembe, mtoto mmoja alimtazama, akatazama nanasi lililokuwa katika kikapu cha mama aliyepita, akasema: “Ndugu yake amepita kichwani mwa mama yule!” Kuanzia hapo akaitwa Nanasi.

Mzaha ulikuwa wa kipuuzi kama ule wa chungwa. Ulikuwa hata na ustadi. Watoto walicheka kicheko kile kile, na midomo ile ile. Nami nilicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, nikakigeuza kuwa kikohozi. Lakini yule mvulana alikuwa akinitazama mimi, si wao.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ya pili. Nikaenda nyumbani kwao. Shangazi yake alikuwa akipepeta mchele. Akaniambia: “Anasema tumbo linamwuma, Mwalimu. Kila Jumamosi tumbo linamwuma. Jumapili limepona.”

Nikarudi nikawagombeza watoto. Nikakataza jina lile. Matokeo mnayajua ninyi mliolea watoto: jina lililokatazwa likawa tamu maradufu, wakalinong’ona badala ya kulisema. Tena nilikuwa nawagombeza kwa kosa ambalo mimi mwenyewe nililitia muhuri. Hilo sikuwaambia.

Sasa nielezeni, mzaha wa chungwa na mzaha wa nanasi vinatofautianaje? Vyote viwili ni matunda, vyote havina akili, vyote vilizaliwa na watoto wale wale. Nimefikiri sana nikiwa njiani kwa baiskeli, na nionavyo mimi tofauti ni ile bei niliyoitaja. Katika kila kicheko yuko anayelipa. Yule mwenye meno ya ganda la chungwa alilipa mwenyewe: uso wake ndio uliochekwa, naye aliutoa kama mtu anayewakaribisha wenzake chakula. Katekista wetu alilipa, aliacha ukali wake nyuma ya nyumba. Kijana wa papai alilipa kidogo bila kutaka, lakini alirudishiwa, maana mwalimu alimwita “mwanangu” na kumwambia karibu umepata. Bali yule mvulana mwenye alama alilipishwa peke yake karamu ya watu ishirini, naye ndiye aliyekuwa na kidogo kuliko wote. Ni kama zile bustani za Kasongo.

Mt. Tomaso naye aliweka mipaka: mchezo usiwe wa kumdhuru jirani, usiwe mchafu, uwe wa wakati wake na mahali pake na watu wake. Ni sawa kabisa. Lakini mipaka hiyo yote naijua kwa kichwa, na siku ile haikunizuia kucheka. Kicheko hutangulia kufikiri. Kwa hiyo sidhani kwamba twaweza kumfundisha mtoto kupima mzaha kabla haujatoka. Labda twaweza kumfundisha kutazama uso wa mwenzake baada ya kutoka. Hilo hata mimi nilishindwa kulifanya, au tuseme niliutazama uso ule nikaukwepa.

Na walioupata uponyaji ni watoto wenyewe, si mimi. Jumamosi ya nne au ya tano, yule mvulana alipita njiani na bidoni ya maji kichwani. Tulikuwa tumemaliza katekismu, na maembe yalikuwa yamerundikwa. Yule msichana mdogo wa chungwa akamwona, akapiga kelele: “Nanasi!” Nikainuka kwa hasira. Lakini alikuwa bado anasema. Alilikata neno katikati kama mtu anayekata tunda: “Na – nasi! Na – nasi! Njoo, ule na nasi!” Wenzake wakasikia jinsi neno lilivyogeuka, wakacheka, wakaanza kuimba wote, na nasi, na nasi, wakigonga makoko ya embe mawili mawili.

Kwa haki ya lugha niseme kwamba hiyo siyo maana ya neno. Nanasi ni neno la wenyeji wa Brazili, watu wa lugha ya Kitupi, lililosafiri pamoja na tunda lenyewe. Msichana yule hana habari ya Brazili.

Mvulana alisimama njiani muda mrefu, maji yakimdondokea begani. Kisha akatua bidoni, akaja. Alikula maembe matatu. Hakucheka. Nilimwita pembeni nikamwomba radhi kwa kikohozi changu. Akatazama chini, akasema, “Si neno, Mwalimu.” Sijui kama alinisamehe au alitaka kurudi kwenye maembe. Anakuja mpaka leo.

Nirudi kwa mzee mwenye fimbo, maana swali lake nililibeba siku zote hizo. Jioni moja nilikwenda kwake, nikaketi, nikamwamkia, tukazungumza habari za mvua. Mwishoni nikamwuliza: “Mzee, kwa nini siku ile ulikasirika vile? Watoto walikuwa wakicheka machungwa tu.”

Alikaa kimya. Kisha akaniambia kwamba walipokimbia, walilala siku kadhaa porini, jamaa nyingi pamoja. Usiku mmoja watu wenye silaha walipita katika njia iliyokuwa karibu. Wote wakalala chini, bila pumzi. Ndipo chura akamrukia tumboni mwanamume mmoja mnene aliyelala chali, na mtoto mdogo akaona, akaanza kucheka. “Kicheko hasa,” akasema mzee, “kile cha tumboni.” Mama yake alimziba mdomo kwa mkono wake wote. Wale watu wakapita. Mtoto hakufa, yuko hai. Ndiye yule mwenye ndevu za koko. “Lakini tangu usiku ule, Mwalimu, nikisikia watoto wanacheka kwa sauti, mkono wangu unatafuta mdomo wa kuziba.”

Mimi nilikuwa nimemwandalia neno. Nilikuwa nimeichukua Biblia ili nimsomee nabii Zakaria, sura ya 8, pale Mungu anapoahidi Yerusalemu iliyobomolewa kwamba njia zake zitajaa wavulana na wasichana wakicheza, na wazee wataketi humo na fimbo zao mikononi. Tazameni, watoto na wazee wenye fimbo, katika njia moja! Niliona ni jibu kamili. Nikamsomea, ingawa kwa sauti ndogo kuliko nilivyokusudia. Alisikiliza vizuri. Akaniambia: “Ni maneno mema. Lakini nabii huyo bado hajapita Salamabila.”

Jumamosi iliyofuata alikuja. Hakusema amekuja kwa nini. Watoto walipomwona, yule mwenye ndevu alilificha koko mgongoni, na tarumbeta ya mpapai ikanyamaza. Nikamletea kiti. Akaketi, fimbo kati ya magoti. Palikuwa kimya kabisa, nami sikujua niseme nini.

Yule msichana mdogo akasogea mpaka mbele yake, akapiga goti kidogo kwa adabu, akasema: “Koko, shikamoo. Chungwa huchungwa na nani?”

Mzee alifikiri. Alifikiri kama anavyofikiri barazani, wanapomletea kesi ya shamba, akitazama mbali. Mwisho akasema: “Huchungwa na limau. Maana limau ni kali.”

Watoto wakaanguka chini, hata yule mvulana mwenye alama. Mzee hakucheka. Alinyosha mkono, akaomba embe.